Tumewazika Wawili Tu: Safari Yangu ya Kwenye Barafu

Nyinyi vijana mnaonijia jikoni na simu mkononi, mkitaka nisimulie safari yangu kwa dakika mbili mpate kurekodi, wekeni simu mfukoni. Nimeiandika. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, Tanga, na mwandiko wangu mnaujua, lakini haya mambo nikiyasema kwa mdomo mnaniingilia kati. Humu hamtaniingilia. Someni mpaka mwisho, na mwenye swali aje akiwa ameshiba, maana siwezi kupika na kujibu.

Mambo ya tiketi na makaratasi sitayaeleza. Binti yangu Mwajuma aliyafanya kwenye kompyuta, mimi nilitia sahihi.

Kutoka Barking

Mjukuu wangu Zuhura mnamjua. Anasomea udaktari, si wa watu, wa barafu. Msikitini mpaka leo kuna kina mama wanamwonyesha magoti. Kila mwaka, mwezi wa nne, yeye na mwalimu wake na wenzao wanakwenda Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa, mbele ya Norwei, wakakae juu ya mto wa barafu. Mto huo msidhani umeganda ukatulia. Unateremka kwenda baharini polepole, na wao wanataka kujua chini yake kuna nini, mwamba au matope au maji. Basi wanachimba vishimo kwenye theluji na kuweka vyombo vya kusikiliza, kila kimoja ukubwa wa chupa ya chai, na betri yake. Barafu ikipasuka huko chini, chombo kinasikia.

"Barafu anaongea, Bibi," aliniambia siku aliyonieleza.

"Inaongea. Barafu haina roho."

"Inaongea. Sisi tunaweka masikio."

Amezaliwa hapa hapa Barking, London. Kiswahili anakielewa chote, lakini akifungua kinywa kila kitu kwake ni mtu. "Basi amechelewa." "Mvua ameanza." Nami sipitishi kosa. Hata akiwa anakimbilia treni, namsimamisha mlangoni arudie sentensi.

Mwaka jana alirudi na vidole viwili vyeusi nchani kwa baridi, akavificha ndani ya glavu siku nne, humo humo nyumbani. Mama yake, Mwajuma, ni nesi. Alipoviona alivitibu kimya, kisha akasema mtoto harudi tena kule. Zuhura akasema atarudi. Nyumba ikawa haikaliki. Nikawaambia mwaka huu nitakwenda mimi nikaone kwa macho yangu. Nikisema aache, ataacha. Nikisema aendelee, Mwajuma atanyamaza. Wote wawili wakakubali, kila mmoja akidhani niko upande wake.

Zuhura alitangulia wiki mbili. Tulipanga ashuke kutoka kwenye barafu siku nitakayofika.

Mwajuma alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege. "Mama, mrudishe," akasema.

"Nimesema nitaangalia."

"Basi angalia huku umemshika mkono."

Pale wanapokagua mizigo, kijana mmoja alitoa mfuko wangu wa visheti akauliza ni nini. Nikamwambia chakula. Akavigeuza geuza, akavinusa. Nikachukua kimoja nikakila mbele yake, nikampa na yeye kimoja. Akasema haruhusiwi. Nikamwambia kama kula haruhusiwi, kuninyang'anya pia asiruhusiwe. Akanipa mfuko wangu.

Tromsø, nilipodhani nimefika

Oslo nilipita tu, sina la kusema juu yake. Ndege ya pili ilitua Tromsø, watu wote wakaambiwa washuke. Nje ni milima na theluji. Nikajua nimefika. Nikaingia chooni nikavaa kila kitu nilichopewa na Mwajuma, suruali mbili, sweta tatu, koti, kofia ya sufu juu ya mtandio. Nikatoka nikajipanga kwenye foleni ya pasi, na mle ndani kuna joto kama la jikoni siku ya Idi. Jasho likanitiririka mpaka machoni. Mama wa pasi akaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia, "Siumwi, nimefika kwenye barafu."

"Hapa si kwenye barafu. Bado saa moja na nusu na zaidi."

Nyuma yangu watu walicheka. Sikuvua hata kimoja. Nilirudi kwenye ndege vile vile nilivyo.

Kicheko kiliisha juu ya visiwa. Ndege ilishuka mpaka nikaona milima pembeni ya dirisha, myeupe, yenye meno, halafu ikatikisika kama gari lililoingia shimoni, injini zikanguruma, tukapanda tena. Ikajaribu mara ya pili. Jirani yangu alikuwa fundi wa mitambo ambaye, kwa maneno yake, amepita njia ile miaka ishirini. Alikuwa ananieleza juu ya mbwa wake. Mara ya pili aliacha kueleza akashika kiti. Hapo na mimi nikashika. Rubani akasema upepo umezidi, tukarudi Tromsø kulala.

Asubuhi hotelini niliona kwenye meza kipande cha rangi ya kahawia, laini, kinang'aa. Nikasema halua hii, nikajikatia kubwa. Ni jibini. Tamu, na ni jibini. Nililimaliza kwa sababu nilikuwa nimelikata mwenyewe.

Nikawa nafikiri upepo ule uliotugeuza, mtoto yuko ndani yake kwenye hema.

Longyearbyen

Siku ya pili tulitua Longyearbyen, mji wa Svalbard. Zuhura hakuwepo. Alikuwepo mwanaume mrefu mwenye ndevu nyeupe, ameshika karatasi yenye jina langu. Anaitwa Einar, ndiye mwangalizi wa nyumba wanayofikia watafiti na ndiye anayekaa na redio yao.

"Upepo," akasema. "Wamebaki juu."

Mimi Kiingereza changu ni cha miaka kumi na saba ya kusafisha maofisi Stratford, na yeye chake ni cha shuleni kwao. Tulielewana vizuri, maana hakuna aliyekuwa na maneno ya kupoteza.

Nje ya mji kuna kibao chenye picha ya dubu mweupe, kwamba usipite hapo bila bunduki. Mlangoni watu wote wanavua viatu. Hilo lilinituliza kidogo. Nikamuuliza Einar jua linazama saa ngapi, nijue Magharibi yangu. Akafikiri. "Mwezi wa nane," akasema. Nikatoa karatasi ya nyakati za swala ya msikiti wetu wa Barking nikaibandika ukutani, nikasali kwa hiyo. Kama nimekosea Mungu anajua nilipokuwa.

Mpishi alikuwa mama wa Kithai, Noi, mfupi, mwenye haraka. Nyama yao ya kulungu wa theluji, mwenye pembe kama matawi, niliiacha, sijui nani kachinja. Samaki nilikula. Nilimpa Noi dagaa wangu, akawakaanga kwa pilipili zake, tukala na wali tumesimama. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza.

Utaratibu wao ni kwamba walioko juu wanapiga redio asubuhi na jioni. Jioni ile redio haikuita. Einar akasema upepo unafanya hivyo. Asubuhi haikuita tena. Akasema vile vile, lakini kikombe chake cha kahawa kilibaki mezani kimejaa mpaka kikapoa.

Meseji

Saa nne asubuhi simu yangu ililia. Zuhura ana kifaa kidogo cha kutuma meseji kwa setilaiti. Ninaiandika kama ilivyokuwa:

"Bibi tumewazika wawili tu. Baridi amewaua wengine. Tunasubiri upepo. Usimwambie Mama."

Nilisoma nimesimama. Nilisoma mara ya pili nimekaa, na sikumbuki kukaa. Noi akaniuliza nini, nikamwambia wamekufa. Akakimbia kumwita Einar.

"Nipe neno kwa neno," Einar akasema.

Nikampa. Wawili wamewekwa kaburini, wengine wameuawa na baridi, waliobaki wanasubiri. Hakuuliza tena. Alikwenda kwenye redio akawaita watu wa uokoaji, na alipomaliza akaniambia bila kunificha kitu. Helikopta haiwezi kuruka kwenye upepo ule. Watu sita watakwenda kwa pikipiki za theluji. Njiani kuna nyufa zilizofunikwa na theluji, ambazo siku njema unazikwepa kwa macho, na siku ile mtu alikuwa haoni mkono wake.

"Njia ni mbaya sana leo," akasema. "Lakini kama watu wamekufa, tunakwenda."

Nilibaki na simu. Nilikuwa naisoma nitafute kama Zuhura yumo katika wanaosubiri. Yumo, si ndiye aliyeandika? Halafu nasema, aliandika saa ngapi? Nasoma tena. Baridi amewaua.

Amewaua. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye lile neno. Imewaua, si amewaua. Mjukuu yuko kwenye mauti na mimi namkosoa ngeli. Nilijionea haya. Nikataka kuitupa simu, lakini sikuitupa.

Maana huyu mtoto baridi kwake ni mtu. Na betri? Betri ikiisha anasemaje? "Betri amekufa." Amesema hivyo mlangoni kwangu mara mia.

Hilo moja. Lakini kuzika? Kwetu mtu anazikwa. Kitu kinafukiwa. Taka unafukia, mbegu unafukia, huwezi kukosea. Nikajiuliza, mimi nimemfundisha lini huyu mtoto kufukia? Barking tunafukia nini? Hatuna shamba, taka zinachukuliwa na gari. Tangu mdogo amesikia kuzika tu, kila simu kutoka nyumbani, fulani amezikwa leo, fulani tunamzika kesho. Kiingereza neno lao ni moja kwa yote mawili. Akitafuta la Kiswahili angelipata lipi?

Nikainuka.

Mlangoni kwa Einar

"Ngoja," nikamwambia. "Lile neno nililokupa lina njia mbili."

Akavua kisikilizi kimoja.

"Sisi tuna neno la kumweka mtu chini, na neno jingine la kuweka kitu. Mtoto hajui hilo la pili. Labda wamezika vile vyombo."

"Na baridi imeua nani?"

"Betri."

Alinitazama. "Una hakika?"

"Sina."

"Mama, nina watu sita wamevaa kofia za chuma mlangoni."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja haraka."

"Ukikosea?"

"Nikikosea, aliyeko kule ni wangu."

"Waliopo kule ni watano," akasema Einar. "Wako ni mmoja."

Alikuwa amenikanya, na alikuwa na haki. Halafu nikasema, watano? Nikainua vidole. Wawili wamezikwa. Wengine, hao hawawi mmoja, ni wawili au zaidi. Wanne hao. Tunasubiri, huyo naye si mmoja. Sita. Kwenye watu watano huwezi kupata sita.

Akahesabu na yeye kwa vidole vyake. "Mtoto huyu anajua tofauti ya mmoja na wengi?"

"Hiyo anaijua. Mara nyingi."

"Mara nyingi," akarudia.

Akaenda dirishani. Nje hakukuonekana kitu, weupe unapita ubavu ubavu. Kisha akazungumza na wale watu kwa Kinorwei, akanigeukia. Watabaki wamevaa. Saa kumi jioni, upepo ukiwa vile vile au umepungua, kama hakuna habari, wanakwenda.

"Uamuzi huu ni wangu," akasema. "Umesikia? Si wako."

Nilisikia. Lakini neno lilikuwa langu.

Kutoka saa nne mpaka saa kumi

Nilimjibu Zuhura: Wangapi wazima? Meseji haikufika. Nikaituma tena. Haikufika.

Saa sita Mwajuma akapiga. "Ameshashuka?"

"Bado. Kuna upepo."

"Mama, sauti yako ina nini?"

"Pilipili za Noi."

Akacheka, akasema nisile vitu nisivyovijua. Nikakata simu. Sijawahi kumficha binti yangu jambo la mtoto wake, na kama Zuhura alikuwa amekufa wakati ule ule mama yake anacheka, nani angenisamehe? Na kama yuko hai anaganda kwa sababu bibi yake amewazuia waokoaji mlangoni kwa ajili ya herufi moja?

Nikaingia jikoni nikaosha vyombo. Noi akavichukua nikavitaka tena nikaviosha. Mara ya tatu akaniachia. Mmoja wa wale sita aliingia kuomba maji, kijana mwenye pete ya ndoa, amevaa mpaka shingoni. Akaniinamishia kichwa kwa heshima. Nikamwangalia nikafikiri, na huyu ana mama.

Nikasali Adhuhuri, nikasahau nimefika rakaa ya ngapi, nikaanza upya.

Saa tisa na robo redio ikakwaruza. Sauti ya mwanaume, mwalimu wao, inakatika katika. Einar akauliza neno moja tu la maana: wangapi? Akajibiwa. Akarudia kwa sauti ili sote tusikie. Watano. Wote wazima. Hema moja limechanika, wamehamia jingine.

Nilichukua kile kipaza sauti, sikumwomba mtu. "Zuhura."

"Bibi? Mbona uko kwenye redio?"

"Umemzika nani?"

"Masikio, Bibi. Wawili tu. Wengine betri wao wamekufa na baridi. Kwa nini?"

"Vidole?"

"Wapo."

"Hesabu."

"Bibi, watu wote wanasikia."

"Hesabu."

Akahesabu moja mpaka kumi, kwa Kiswahili, polepole, waokoaji sita wakiwa wamesimama mlangoni. Alipofika kumi yule mwenye pete alivua kofia yake akasema kitu kwa Kinorwei, wenzake wakacheka. Sikuuliza alisema nini.

Zuhura anashuka

Alishuka kesho yake, uso umebabuka, ananuka mafuta ya taa. Nikaangalia vidole kimoja kimoja. Vizima. Nikampa wali.

Mwalimu wake alikuwa amemsema mbele ya wenzake. Kwanza, Zuhura alidhani mwalimu ameshaongea na Einar kwa redio, kumbe redio haikufika. Pili, aliandika kwa lugha ambayo mtu mmoja tu kwenye kisiwa kile anaisoma. Tangu sasa meseji zote ziwe za Kiingereza.

"Sawa kabisa," nikasema. "Na wewe ulikaribia kuua watu sita kwa Kiswahili chako."

Akaweka kijiko chini. Huwa hanijibu. Siku ile alijibu, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, nami naandika nilivyoelewa.

"Nilikuwa na betri ya meseji moja, Bibi. Nilitaka kuandika mengi. Kwamba niko sawa, nina joto, hema lingine ni zuri. Kila nikianza naona wewe utasema si hivyo, rudia. Nikafuta. Nikaacha maneno ninayoyajua. Hata 'niko sawa' nilifuta, nikaogopa ni 'sawa' au 'salama'."

"Yote mawili yanafaa," nikasema.

"Sikujua."

Noi alikuwa anafuta meza ile ile muda mrefu. Nikamsogezea Zuhura samaki. Baadaye nikamfundisha kufukia. Hakurudia, na sikumlazimisha.

Jioni nikampigia Mwajuma nikamweleza yote, pamoja na nilivyomficha.

"Mrudishe," akasema.

"Hapana. Ataendelea."

"Baada ya hayo yote?"

"Mahali hapa panaua, sikufichi. Lakini nimeona watu sita wamevaa kwenda kufa kwa ajili ya watoto wasiowajua, na nimeona mtu mmoja anayehesabu kabla ya kuwatuma. Hawachezi. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfunga mtoto mdomo."

Akasema tutaongea nikirudi. Nikamwambia tulikubaliana atanyamaza. Akalia, lakini alinyamaza.

Barking tena

Kurudi hakukuwa na tabu. Tromsø sikuvaa wala kuvua kitu. Zuhura alibaki wiki tatu zaidi, akarudi na vidole kumi na kazi yake imekamilika. Ijumaa ile nikapika pilau, nikawakalisha wote, Mwajuma, Zuhura na wadogo zake wawili, nikawataka waweke simu juu ya friji.

"Kuanzia leo," nikawaambia, "mtu wa nyumba hii akiandika kutoka mbali, la kwanza aseme yeye ni mzima au si mzima, kwa lugha yoyote itakayomjia. Na akiongea Kiswahili, aachwe amalize. Asikatizwe na mtu. Nikimkatiza mimi, niambieni ninyamaze."